Profesa Keto Mshigeni: kutoka kwenye mwani hadi ukuu wa chuo

Ukifika Paje au Jambiani, Unguja, siku za bamvua maji yakiwa yametoka, utawaona akina mama wameinama kwenye safu za vigingi na kamba, wanafunga mbegu za mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989. Lakini msomi mmoja alikuwa amekipigia debe miaka mingi kabla: Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea. Na huyu, msikilizaji, ni mtu wa milima ya Upare, si wa pwani!

Alisoma Dar es Salaam, kisha Hawaii, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1974 kwa utafiti wa mwani. Enzi hizo watu wa pwani waliokota mwani uliojiotea na kuwauzia wafanyabiashara, nao ukawa unapungua. Mshigeni akasema upandwe. Mbegu yake ni kipande cha mwani wenyewe: unakifunga kwenye kamba, na baada ya wiki kama sita unavuna na kuanika. Hakuna mbolea wala kumwagilia. Viwanda huutoa humo utomvu uitwao karajinani, unaofanya dawa ya meno na aiskrimu ziwe nzito.

Alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa naibu makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Namibia, kisha makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki, kinachofundisha udaktari pale Mikocheni. Wengi wakipata ofisi kubwa, utafiti wanausahau. Yeye kule Namibia alihimiza kilimo cha uyoga unaooteshwa kwenye majani na mabaki ya mazao, vitu ambavyo mkulima huvichoma moto. Kwangu mimi hilo linazidi cheo.

Mwani wenyewe sasa una shida. Aina ya cottonii ina bei nzuri, lakini maji ya ufukweni yakipata joto huugua na kufa. Wakulima wengi wamebaki na spinosum, ambao bei yake ni ndogo. Watafiti wamejaribu kuupanda cottonii kwenye kina kirefu zaidi, penye maji ya baridi. Huko inatakiwa boti, na akina mama wengi wanaolima mwani hawajui kuogelea.