Aniceti Kitereza: Vyanzo vya Ubunifu Wake na Mafunzo kwa Waandishi Chipukizi wa Kanda ya Ziwa

Makala haya yanaeleza vyanzo vya ubunifu wa Aniceti Kitereza (1896–1981), mwandishi wa Ukerewe, na mafunzo yanayopatikana katika kazi yake. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya riwaya yake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, inatokana na uamuzi wa kuwaandikia kwanza wale ambao maisha yao yanasimuliwa.

Chanzo cha kwanza ni nyumbani. Kitereza, mjukuu wa Omukama Machunda, alikulia miongoni mwa watu waliojua historia, miiko na tiba za Wakerewe. Chanzo cha pili ni elimu ya wamisionari: kutoka Kagunguli alikwenda seminari ya Rubya, katika Mkoa wa Kagera wa leo, ambako alisoma Kilatini. Baadaye Padri Almas Simard, Mkanada, alimhimiza kuhifadhi masimulizi ya wazee. Vyanzo hivyo vilikutana mwaka 1945, alipokamilisha riwaya hiyo kwa Kikerewe. Cha tatu ni maisha yenyewe. Kitereza na mkewe hawakubaki na mtoto, na riwaya inahusu ndoa inayotikiswa na ukosefu wa mtoto.

Wapo wanaoiona kazi hii kuwa rekodi ya mila zaidi kuliko riwaya. Mtazamo huo hauzingatii jinsi maelezo yanavyobeba msuko. Bugonoka anaporudishwa kwao, Myombekere anamfuata, na wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Utengenezaji wa pombe hiyo unaelezwa hatua kwa hatua, kwa kuwa kazi hiyo, pamoja na majirani wanaoshiriki, ndiyo inayoijenga upya ndoa. Ukiondoa maelezo hayo, upatanisho unabaki tamko tupu.

Uamuzi wa kuandika kwa Kikerewe ulikuwa na gharama. Mswada haukupata mchapishaji kwa miaka mingi, hata Kitereza akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliuchapisha mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Hata hivyo, matini ya Kikerewe ndiyo iliyokipa Kiswahili chake istilahi za kilimo, uvuvi, tiba na ukwe ambazo Kiswahili cha shuleni hakikuwa nazo.

Kwa mwandishi chipukizi wa Murukulazo, anayeishi kati ya Kihangaza au Kishubi cha nyumbani na Kiswahili cha darasani, mafunzo ni matatu. Kwanza, awasikilize wazee wangali hai, kwa kuwa fasihi simulizi haina ghala jingine. Pili, aieleze kazi ya mikono kwa ukamilifu, ila kila maelezo yabadilishe jambo katika maisha ya wahusika. Tatu, lugha ya mama isichukuliwe kuwa kikwazo cha kuandika Kiswahili. Kitereza alipita humo humo kukifikia.

Funzo la mwisho linawahusu wachapishaji na vyuo vikuu. Mwandishi aliitimiza sehemu yake mwaka 1945. Kilichochelewa ni taasisi za kumpokea. Miswada ya lugha za Kanda ya Ziwa ikiendelea kusubiri hivyo, hasara haitakuwa ya waandishi peke yao, bali ya Kiswahili chenyewe.