Aliyesoma Nahau Madrasani Asikiogope Kiingereza cha Mtihani

Kila zitangazwapo nafasi za kazi serikalini, vijana wetu wa Pwani hujaza maombi kwa matumaini. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 232, yataka ajira ya umma ifuate ushindani wa haki na ustahiki, na wanawake wapewe fursa sawa na wanaume. Kifungu cha 7 nacho chakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo barua ya maombi, mtihani wa maandishi na mahojiano aghalabu huwa kwa Kiingereza, na binti mwenye shahada nzuri aweza kuachwa nje kwa sababu ya sentensi chache zilizopinda.

Kwa hofu hiyo, baadhi ya wazazi huwatoa watoto madrasani wapate muda wa masomo ya ziada ya Kiingereza. Kabla ya kufanya hivyo, na watazame kilichomo nyumbani. Kiswahili chetu na nahau ya Kiarabu ni funguo mbili za sarufi ya Kiingereza.

Tuanze na upatanisho, suala lipendwalo na watungaji wa mitihani. Je, ni “The list of books is lost” au “are lost”? Wengi huvutwa na “books” lililo karibu, wakachagua “are”. Lakini hakuna aliyelelewa kwa Kiswahili atakayesema “orodha ya vitabu vimepotea”. Atasema “imepotea”, kwa kuwa sikio lake lajua kilichopotea ni orodha. Basi katika kila sentensi ndefu, mtahiniwa atafute kwanza neno kuu linalotawala kitenzi.

Pale Kiswahili kisipofaa, Kiarabu hufaa. “Yeye” yetu haitofautishi mume na mke, ndipo mtu akamtaja mamake kwa “he” pasi na kujua. Mwanafunzi wa madrasa amekwishazoea “huwa” na “hiya”. Vivyo hivyo Kiswahili hakina “a” wala “the”, lakini yeye ajua tofauti ya “kitabun” na “al-kitabu”: cha kwanza ni kitabu chochote, cha pili ni kile kinachojulikana. Hapa pana tahadhari. Kiarabu huweka “al” hata kwa mambo ya jumla, kama “al-hayatu”, Kiingereza huacha. Huandikwa “Life is short”, si “The life is short”.

Nyakati nazo zina mtego. Nyumbani twaweza kusema “nimefika jana” tukaeleweka. Kiingereza hakikubali “I have arrived yesterday”. Ukitajwa wakati uliokwisha, kama jana au mwaka 2019, itumike “li” yetu: nilifika, “I arrived”.

Yako machache yasiyo na budi kukaririwa. Maneno “information”, “advice”, “furniture” na “equipment” hayapokei “s” ya wingi wala “a” mbele yake. “Discuss” haifuatwi na “about”: kama tusemavyo kujadili jambo, ndivyo isemwavyo “discuss the matter”.

Mtahiniwa na awe na daftari moja. Kila siku baada ya Alfajiri, kabla shughuli za nyumba hazijaanza, asome tahariri moja ya gazeti la Kiingereza, alifunge gazeti, kisha aandike muhtasari wa theluthi yake. Halafu aipitie kazi yake mara nne, kila mara akitafuta kosa la aina moja: upatanisho, jinsia, “a” na “the”, kisha wakati. Kila kosa aliandike ukurasa wa nyuma pamoja na sababu yake kwa Kiswahili. Baada ya mwezi ukurasa huo utamwonyesha udhaifu wake hasa, naye ashughulikie huo badala ya kukariri kitabu kizima.

Mama asiyejua Kiingereza pia ana sehemu yake. Amwambie mwanawe amfasirie sentensi alizoandika kwa Kiswahili fasaha. Ikiwa mama haelewi, huenda mwandishi mwenyewe hajaelewa alilotaka kusema.

Tusiwapunguzie watoto elimu moja kwa tamaa ya nyingine, ilhali ya kwanza yaisaidia ya pili. Wabillahi tawfiq.