Je, Wajua? Nge, Rangi na Kisu cha Daktari

Je, wajua kwamba sumu ya nge imewasaidia watafiti kuiona saratani ya ubongo? Nge huyo, Leiurus quinquestriatus, huishi majangwani Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Sumu yake ina klorotoksini, peptidi ya asidi amino 36 inayopenda kushikamana na seli za uvimbe na kuziacha zenye afya.

Je, wajua kwamba mwaka 2007 watafiti wa Seattle, Marekani, akiwemo daktari wa saratani za watoto Jim Olson, walieleza jinsi walivyoipachika klorotoksini rangi, na uvimbe ndani ya panya ukang'aa? Ila klorotoksini ina asidi amino tatu aina ya lisini, na rangi iliweza kudaka yoyote kati ya hizo. Kila mara ukatoka mchanganyiko wa molekyuli zisizofanana, na dawa haitengenezwi hivyo. Lisini mbili zikabadilishwa, ikabaki ya nafasi ya 27 peke yake.

Je, wajua kwa nini peptidi na si kingamwili? Udogo. Ikikosa pa kushika, figo huitoa upesi, na penye afya panabaki giza.

Je, wajua kwamba rangi nzuri kwa kazi hii mara nyingi ni ile ambayo jicho halioni? Damu hunyonya sana mwanga wa kijani. Ule wa nanomita 700 hadi 900 hupenya nyama vizuri zaidi, na kamera huunasa.

Je, wajua kwamba ipo peptidi inayoingia mwilini ikiwa imezimwa? Kwangu huu ndio ubunifu mkubwa kuliko wote. Upande mmoja kuna rangi, upande wa pili kizimaji kinachomeza mwanga wake. Vimeng'enya ambavyo uvimbe huvitoa kwa wingi hukata peptidi katikati, kizimaji kinaachana na rangi, na seli zinajitangaza zenyewe. Dawa ya namna hiyo, Lumisight, iliidhinishwa Marekani Aprili 2024 kwa upasuaji wa saratani ya matiti. Mgonjwa huchomwa sindano ya mshipa saa 2 hadi 6 kabla ya kumulikwa. Uvimbe ukishatolewa, daktari humulika shimo lililobaki na kukata kinachong'aa hapo hapo, ili kumpunguzia mama uwezekano wa kurudishwa chumba cha upasuaji. Hatari kubwa ya dawa hii ni mzio mkali, hivyo mgonjwa huangaliwa kwa karibu wakati wa sindano na baada yake.