Ukirudi kutoka Lamu wakati wa masika, usidharau homa

Mvua za masika huanza kunyesha kisiwani Lamu karibu na Aprili na kuzidi mwezi wa Mei. Huo ndio wakati ambapo wageni hupungua, hoteli nyingi hushusha bei, na likizo ya shule huwapa wazazi wa Nairobi nafasi ya kuwapeleka watoto wakaone bahari. Hakuna ubaya wowote kusafiri msimu huo. Hata hivyo, msomaji, kabla ya kukata tikiti ni vyema ujue kwamba ugonjwa utakaoupata huko huenda usijitokeze mpaka uwe umerudi nyumbani na kuanza kazi.

Ugonjwa wenyewe ni malaria. Mvua huacha vidimbwi kila mahali, na humo ndimo mbu wa anofelesi hutaga mayai. Akikuuma, vimelea vya malaria huenda kwanza kwenye ini na kuzaana humo kimyakimya. Baadaye ndipo huingia kwenye damu na kuleta homa, kutetemeka na kuumwa na kichwa. Safari hiyo huchukua angalau siku 7, na mara nyingine hata mwezi mzima. Likizo ya watu wengi huwa imekwisha.

Wakazi wa Nairobi wako katika hatari zaidi kuliko wenyeji wa kisiwa. Mtu anayeumwa na mbu wa malaria mara kwa mara hujenga kinga kiasi mwilini, lakini jiji lililo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari halimpi mtu kinga hiyo. Isitoshe, kinga hii haidumu. Ikiwa ulizaliwa Lamu na sasa umeishi Nairobi miaka mingi, usijidanganye kwamba wewe ni mtu wa pwani na malaria haikuwezi. Watoto wako waliozaliwa jijini hawana kinga kabisa. Mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 ndio wanaoweza kuzidiwa haraka zaidi.

Kwa hivyo, mwone daktari kabla ya safari akupe dawa ya kukinga malaria inayokufaa. Dawa hizi huendelea kumezwa baada ya kurudi, nyingine kwa siku 7 na nyingine kwa wiki 4. Usiziache kwa sababu tu hujisikii mgonjwa. Ukiwa kisiwani, lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, vaa nguo za mikono mirefu jua linapotua, na ujipake dawa ya kufukuza mbu.

Kuna mbu mwingine anayeuma mchana, naye hupenda maji safi yaliyotulia katika mapipa na matangi. Mwaka 2004 alieneza chikungunya Lamu, na wakazi wengi wa mji wakaugua. Jina hilo lilitoka kwa Wamakonde na maana yake ni kujikunja, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mgonjwa. Wazee wa Lamu walijua dawa ya mbu huyu zamani: walifuga samaki wadogo ndani ya birika za maji nyumbani ili wale viluwiluwi. Wewe mgeni, hakikisha ndoo na mapipa ya nyumba uliyopanga yamefunikwa.

Aidha, angalia maji unayokunywa. Mvua kubwa huosha vichochoro na mitaro ya wazi, na uchafu huo unaweza kuingia visimani. Kunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa, na ule chakula kikiwa moto. Homa ya matumbo nayo inaweza kujificha mwilini kwa wiki moja hadi tatu kabla ya kujitokeza.

Sasa fikiria unarudi Nairobi mwezi wa Mei, baridi ikianza. Wiki mbili baadaye unaamka mwili ukiuma na kichwa kikigonga. Ofisini kila mtu anapiga chafya, nawe unasema ni homa ya baridi, unameza tembe mbili na kuendelea na kazi. Hapo ndipo watu hupoteza maisha. Malaria kali inaweza kupanda kichwani au kuharibu figo kwa muda wa siku moja au mbili tu.

Ukipata homa ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Usinunue dawa ya malaria dukani kwa kubahatisha, wala usimeze aspirini, kwa kuwa homa nyingine zinazoletwa na mbu huweza kusababisha kuvuja damu. Kipimo cha malaria ni tone la damu kutoka kidoleni, na majibu hutoka kwa takriban dakika 20. Ikigunduliwa mapema, tembe za siku tatu hutosha kuitibu.

Zaidi ya yote, mwambie daktari ulikuwa wapi. Daktari wa Nairobi anayekuona ukiwa na homa msimu wa baridi hawezi kujua kwamba majuzi ulilala Lamu. Usingoje akuulize.