TB imepona, mbona kikohozi hakiishi?

Dozi ya kifua kikuu imekwisha, mgonjwa ameruhusiwa kliniki na ndugu wamefurahi. Miezi michache baadaye kikohozi kinarudi. Uzito unapungua, uchovu hauishi, na siku moja makohozi yanatoka na damu.

Nyumbani wazo la kwanza huwa kwamba TB imerudi, au mgonjwa alikuwa anaruka dozi. Makohozi yanapimwa na vimelea vya TB havionekani. Hata hivyo, wapo wanaoanzishiwa dawa za TB upya kwa sababu dalili zinafanana.

Kwa baadhi yao tatizo ni fangasi aitwaye aspajilasi. Huyu yuko kila mahali: kwenye majani yaliyooza, mboji, vumbi na nafaka zilizoota ukungu. Kila mtu huvuta mbegu zake kila siku bila kujua, na mapafu yenye afya huziondoa. Lakini TB inaweza kuacha matundu kwenye mapafu hata baada ya kupona. Ndani ya matundu hayo fangasi hupata makazi na kukua taratibu, kwa miezi hata miaka.

Alama ndani ya damu

Mwili unapopambana na fangasi hutengeneza kingamwili, na kiwango chake hupimwa maabara kwa damu kidogo tu. Kwa kuwa sote tunavuta fangasi huyu, hata mtu mzima wa afya anaweza kuwa na kingamwili kiasi. Ndiyo maana vipimo hivi hulinganishwa na damu ya watu wenye afya, ili ijulikane kiwango kinachoanza kutia shaka.

Watafiti wa Uganda na Uingereza walitumia kipimo hicho mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa watu 398 waliokuwa wametibiwa TB ya mapafu. Walipigwa eksirei, wakaulizwa dalili na kupimwa damu. Miaka miwili baadaye, 285 kati yao walichunguzwa tena.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kuwa 14 kati ya hao 285 walikuwa na ugonjwa wa fangasi wa mapafu. Kwa wenye matundu kwenye eksirei, waliougua walikuwa asilimia 26. Kwa wasio na matundu, hawakufika hata asilimia moja.

Kingamwili nyingi peke yake haikutosha kusema mtu anaumwa. Vilihitajika vitu vitatu kwa pamoja: kingamwili iliyopanda, kikohozi sugu au kukohoa damu, na matundu kwenye eksirei. Vikikutana, viliwabaini takriban wagonjwa 86 kati ya kila 100, na ilikuwa nadra sana kumhesabu asiyeumwa kuwa mgonjwa.

Familia ifanye nini?

Aliyemaliza dozi akiendelea kukohoa, arudi hospitali mapema. Akikohoa damu, asisubiri kesho. Makohozi yapimwe kwanza, maana kuna wakati TB hurudi kweli. Yakiwa safi, muulizeni daktari kuhusu eksirei na kipimo cha kingamwili za fangasi.

Kujua tofauti ni muhimu kwa sababu dawa za TB haziui fangasi. Ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa kama itrakonazoli, kwa miezi sita au zaidi, na wengine huhitaji upasuaji. Tena rifampisini, moja ya dawa kuu za TB, hupunguza sana nguvu ya itrakonazoli mwilini. Hivyo mgonjwa amweleze daktari dawa zote anazotumia, zikiwamo za kufubaza virusi vya Ukimwi.

Jambo moja la kutia moyo: fangasi huyu hatoki kwa mtu kwenda kwa mwingine. Ikithibitika kuwa ndiye chanzo na TB haipo, hakuna sababu ya kumtengea mgonjwa chumba wala kuwazuia watoto wasimkaribie. Anachohitaji ni chakula kizuri, mtu wa kumsindikiza kliniki na uvumilivu wa matibabu marefu.