Biti, Baiti na Mzigo wa Mpagazi: Kugeuza Vipimo vya Kasi ya Habari

Wafanyabiashara waliofuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, katika karne ya 19, hawakuweza kuendesha shughuli zao bila kujua kugeuza vipimo. Mikono minne ya nguo ilifanya shuka moja, na shuka mbili zilifanya doti. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, ambayo ni takriban kilo 16, na mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi aghalabu ulikaribia frasila mbili. Mtu aliyehesabu doti mahali pa shuka alilipa hongo maradufu huko Ugogo.

Siku hizi bidhaa isafirishwayo kwa wingi kuliko zote ni habari, nayo ina shuka na doti zake. Tofauti ni kwamba anayekosea hapa hapotezi mara mbili, bali mara nane.

Biti ni tarakimu moja tu, ama 0 ama 1. Biti nane zikikusanywa pamoja huitwa baiti, na baiti moja yatosha kuhifadhi herufi moja ya maandishi yetu. Kwa desturi, mafundi wa simu hupima kasi ya njia kwa biti katika sekunde, ilhali watu wa kompyuta hupima ukubwa wa faili kwa baiti. Katika vifupisho, b ndogo ni biti na B kubwa ni baiti. Katika mkataba wa huduma, herufi hiyo moja yaweza kuwa na thamani kuliko ukurasa mzima.

Ichukuliwe hospitali ya Tabora inayotaka kupeleka picha ya eksirei yenye megabaiti 30 kwa daktari bingwa aliyeko Dar es Salaam, kwa njia ya megabiti 2 katika sekunde. Karani agawanyaye 30 kwa 2 atatazamia picha ifike baada ya sekunde 15. Sivyo. Sharti kwanza megabaiti 30 zizidishwe kwa 8, zipatikane megabiti 240, ndipo zigawanywe kwa 2: sekunde 120. Picha zikiwa 40, kazi iliyodhaniwa kuwa ya dakika 10 itachukua dakika 80, na mgonjwa yu kitandani akingoja. Hata hesabu hiyo ni ya ukarimu, kwa kuwa baadhi ya biti hutumika kubeba anwani na kukagua makosa ya njiani.

Tatizo la pili ni neno kilo. Katika kasi ya njia, kilobiti moja ni biti 1,000 kamili. Lakini watengenezaji wa kumbukumbu za kompyuta, ambao huhesabu kwa kuzidisha mbili kwa mbili, walizoea kuiita 1,024 kilo vilevile. Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme ilitoa majina mapya, kibi, mebi na gibi, kwa hesabu hiyo ya pili, ila mazoea yana mizizi. Kwenye kilo tofauti ni asilimia 2.4 tu; kwenye tera inakaribia asilimia 10. Ni kama mkono wa mtu mfupi na mkono wa mtu mrefu: nguo ikiwa chache hakuna agombanaye.

Baudi, iliyopewa jina la Mfaransa Émile Baudot, si biti. Yenyewe huhesabu mabadiliko ya ishara katika sekunde, na ishara moja yaweza kubeba biti kadhaa. Modemu ya baudi 2,400 ambayo kila ishara yake ilibeba biti 4 ilipitisha biti 9,600.

Sasa, je, msafara wenyewe ulikuwa na kasi gani? Tarehe 14 Machi 1872 Stanley aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, akiwa amekabidhiwa barua na kumbukumbu za Livingstone, akafika Bagamoyo tarehe 6 Mei. Hizo ni siku 53, au sekunde 4,579,200. Barua moja ya herufi 2,000 ni biti 16,000; basi barua hiyo ilisafiri kwa kasi ya biti moja katika kila sekunde 286 hivi.

Lakini mpagazi yuleyule apewe kadi ya kumbukumbu ya terabaiti moja, isiyozidi ukucha wa kidole. Atakuwa amebeba biti trilioni 8, na zikigawanywa kwa sekunde zilezile hupatikana karibu megabiti 1.75 katika sekunde. Atembeaye kwa miguu ameishinda njia ya megabiti 1!

Ameishinda kwa kasi ya upitishaji, wala si kwa uharaka. Biti yake ya kwanza hufika siku ya 53, pamoja na ya mwisho, na daktari aulizaye swali kwa njia hiyo atapata jibu siku ya 106. Katika nyuzi za kioo mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 katika sekunde. Waya ukifuata reli iliyofika Tabora mwaka 1912, karibu kilomita 840 kutoka Dar es Salaam, biti ya kwanza huwasili baada ya sehemu nne hivi za elfu za sekunde. Kwa hiyo anunuaye huduma auulize mtambo maswali mawili: hupitisha biti ngapi katika sekunde, na biti ya kwanza hukawia muda gani.