Sherehe ya Kijiji Darasani: Mfano wa Mwaka Kogwa wa Makunduchi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kuitumia sherehe ya kijiji kuwa chemchemi ya masomo. Tumechagua mfano mmoja, nao ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Ndani ya sherehe hiyo mna nyimbo, hesabu ya siku, elimu ya pepo na adabu ya kuishi na jirani. Mambo ambayo ratiba ya shule huyatenga katika vipindi mbalimbali.

Yako makosa mawili ambayo mwalimu mgeni huweza kuyatenda. La kwanza ni kuipuuza sherehe, akidhani kuwa elimu huanza pale kengele ya shule inapolia. La pili ni kuinyakua nzima nzima na kuigeuza maonyesho ya kuwapumbaza wageni. Makosa hayo yana matokeo mamoja: mtoto hujifunza kwamba yale ayajuayo kwao si elimu. Sisi tunashauri njia ya tatu. Mwalimu achukue muundo wa sherehe na ujuzi uliomo, kisha awaache wanafunzi wautie maneno yao wenyewe.

Sherehe yenyewe

Mwaka Kogwa husherehekewa mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe, upepo wa kusi unapovuma. Neno “kogwa” latokana na koga, yaani kuoga, kwani kuoga baharini ni sehemu ya mila ya siku hiyo: mwaka wa kale huoshwa, mwaka mpya ukapokewa. Asili ya mwaka huo ni Nairuzi, mwaka wa jua ambao jina lake limetoka Uajemi.

Wanaume wa pande mbili za mji, wa kaskazini na wa kusini, hukabiliana uwanjani na kupigana kwa vigogo vya migomba. Hayo si mapigano ya uadui. Yasemwa kuwa kila mwenye kinyongo cha mwaka uliopita hukimaliza hapo, ili mwaka mpya uingie nyoyo zikiwa safi. Wanawake, wamevaa nguo zao nzuri, hupita wakiimba juu ya maisha na mapenzi, wakitaniana na kupigana vijembe. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto hali mtu yumo ndani, naye hutoka mbio akanusurika. Wazee huutazama moshi unaelekea wapi, wakabashiri habari za mwaka. Baadaye watu hula pamoja, na mgeni hukaribishwa kwa furaha, kwa kuwa kukosa mgeni siku hiyo si jambo la kutamaniwa. Ngoma huendelea, na sherehe huchukua siku kadhaa.

Hapa pana tofauti ambayo mwanachuo aielewe vema. Katika tamasha la jukwaani, mfano Sauti za Busara lililoanza kufanyika Mjini Unguja mwaka 2004, wako waimbaji na wako watazamaji. Tamasha la namna hiyo lina faida zake. Lakini Makunduchi mwenye mji si mtazamaji. Aimbaye leo jana alikuwa mwitikiaji, na mtoto aliyeshika kanga ya mama yake anajifunza kuitikia bila ya kuambiwa kwamba yumo darasani. Muziki huo hufundishwa kwa kushiriki. Mwalimu akiwapanga wanafunzi kumi mbele na kuwaketisha thelathini wawatazame, amekwisha kuiharibu njia hiyo ya kufundisha kabla hajaanza.

Matayarisho ya mwalimu

Kabla ya kuandika azimio la somo, mwalimu aende kwa wazee, wanawake kwa wanaume, akiwa mwanafunzi wao. Abishe hodi, aeleze haja yake, na aulize mambo matatu: nyimbo zipi ni za watu wote, zipi ni za watu wazima tu, na nani ana haki ya kuziongoza. Nyimbo za utani zina maneno ambayo mama huyaimba uwanjani siku hiyo moja, lakini hapendi mwanawe ayarudie mbele ya mwalimu. Akiyasikia yakiimbwa chini ya bendera ya shule, ataona shule imemvunjia heshima, na haitakuwa rahisi kuirudisha imani yake.

Vilevile mwalimu asiyadharau maneno ya Kikae, lahaja ya Makunduchi. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja moja, Kiunguja cha Mjini. Hilo halikuzifanya lahaja nyingine kuwa makosa. Mwanafunzi atumiapo neno la Kikae, mwalimu aliandike ubaoni, aandike la sanifu kando yake, na darasa lilinganishe. Kwa njia hiyo mtoto hupata maneno mawili badala ya kunyang’anywa moja.

Mpango wa masomo

Tunapendekeza masomo manne kwa wanafunzi wa Darasa la Nne au zaidi, yafundishwe katika wiki zilizo karibu na sherehe.

Somo la kwanza ni hesabu. Mwaka wa Nairuzi una siku 365. Wakulima na wavuvi wa pwani waliuhesabu kwa miongo, kila mwongo siku kumi; miongo 36 hufanya siku 360, zikabaki siku tano za kukamilisha mwaka. Wanafunzi wajumlishe wenyewe kwa vijiti au mbegu. Kisha waulizwe: ikiwa mwaka huu hauongezwi siku, na mwaka wa kalenda ya ukutani huongezwa siku moja kila miaka minne, nini kitatokea? Watagundua kuwa Siku ya Mwaka hutangulia kwa siku moja hivi kila miaka minne. Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake juu ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliiweka siku hiyo katika nusu ya pili ya Agosti. Toka 1870 hadi 2020 ni miaka 150. Gawanya kwa nne, utapata siku 37 hivi. Wanafunzi wahesabu kurudi nyuma toka tarehe 23 Agosti, nao wataangukia Julai. Mtoto aliyefika hapo kwa hesabu yake mwenyewe hataamini tena kuwa hesabu ni mali ya kitabu tu.

Somo la pili ni jiografia. Wanafunzi wachunguze upepo kwa siku saba, asubuhi na jioni, kwa utepe wa kitambaa uliofungwa juu ya mti, na waandike matokeo katika jedwali. Ndipo mwalimu awaeleze kusi na kaskazi, na jinsi pepo hizo zilivyoongoza safari za majahazi. Asiwacheke wazee watazamao moshi. Aonyeshe kwamba mtu wa pwani amezoea kuutazama upepo kwa kuwa riziki yake imo humo.

Somo la tatu ni lugha na muziki, nalo ndilo kiini cha mpango huu. Nyimbo nyingi za ngoma zetu huenda kwa kiongozi na waitikiaji. Mwalimu afundishe muundo huo kwa makofi kwanza, bila ya maneno, mpaka darasa zima lishike mapigo. Kisha atoe kiitikio kifupi, kwa mfano “Mwaka mpya, tuanze upya”, na kila kikundi kitunge mstari wake wa kutangulia kiitikio hicho. Kikundi kimoja chaweza kusema, “Kisima kimejaa majani, nani atakifagia?” na darasa likaitikia. Utani waruhusiwa, lakini usimtaje mtoto kwa umaskini wake wala kwa ulemavu wake. Kila mwanafunzi aongoze walau mara moja, hata yule asiyesikika siku nyingine zote.

Somo la nne ni uraia. Darasa lijadili: kwa nini watu waliokosana wapewe siku ya kumaliza ugomvi? Kibanda kinapoungua, kijiji kinakumbushwa nini juu ya moto na msaada wa jirani? Kila kikundi kipendekeze njia moja ya kumaliza ugomvi darasani bila ya kupigana.

Tahadhari

Mapigano ya migomba na uchomaji wa kibanda visiigizwe shuleni kamwe. Uwanjani mambo hayo husimamiwa na watu wazima wenye uzoefu. Shuleni yataleta majeraha.

Pili, wapo wazazi Waislamu wanaoona baadhi ya mambo ya sherehe hayapatani na dini, na wapo wasioona tatizo lolote. Mwalimu si kadhi wa jambo hilo. Aieleze sherehe kama maarifa ya jamii, wala asimlazimishe mtoto kushiriki jambo ambalo mzazi wake amelikataa. Hesabu ya miongo na uchunguzi wa upepo vyawafaa wote.

Tatu, akija mkaguzi au mgeni mwingine, mwalimu asiwatoe wanafunzi kwenda kumchezea ngoma. Amkaribishe aketi miongoni mwao na aitikie.

Kupima mafanikio

Mwalimu atajuaje kuwa amefaulu? Asipime kwa uzuri wa sauti. Atazame kama wanafunzi waliokuwa kimya wamepata kuongoza, kama waweza kueleza hesabu ya Nairuzi kwa maneno yao wenyewe, na kama wameanza kuuliza maswali nyumbani na kurudi na majibu asiyoyajua yeye.

Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilaumu elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake. Wengi wetu huitaja methali “Mwacha asili ni mtumwa” tukadhani tumeitimiza kazi hiyo. Methali haitoshi. Si kila mwanachuo atapangiwa Makunduchi, lakini popote atakapokwenda atakuta mavuno, jando, harusi au uvuvi wenye nyimbo zake na hesabu zake. Wiki yake ya kwanza aitumie kuuliza: watu wa hapa hukusanyika lini, huimba nini, na mtoto hujifunza nini hapo? Majibu ayaandike katika daftari lake la maandalio, ndipo afungue muhtasari.